Bushi za poliurethani kwenye gari la zamani: dalili, vyanzo na mahali zinapofaa

Bushi ni kipande cha mpira au poliurethani kinachokaa kwenye kiungo kati ya mkono wa gurudumu na chesesi. Malalamiko mengi kuhusu bushi za poliurethani, ambazo gerejini huitwa bushi za poli, huanza kabla bushi zenyewe hazijafungwa. Mwenye gari husikia kitu kinagonga mbele, huambiwa kwamba bushi zimekwisha, huagiza seti nzima kutoka Dar es Salaam, na baada ya kuifunga hugundua kwamba kugonga kuko palepale na gari limekuwa gumu zaidi. Mwongozo huu unaanza na dalili, unapanga vyanzo kuanzia kile kinachotokea mara nyingi, na unaonyesha ni wapi poli inasaidia na ni wapi inaharibu. Magari yanayolengwa ni yale yanayoonekana kila siku Mbeya, Iringa na Njombe: Corolla na Mark II za miaka ya 1990, Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70, na Land Rover 110 na Defender.

Kuna jambo moja la kuelewa kwanza. Bushi ya mpira ya kiwandani, kwa magari mengi, imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na kwenye ganda la nje. Mkono wa gurudumu unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kurudi. Bushi ya poli haijagandishwa. Bomba la ndani huzunguka ndani yake, na ndiyo maana inahitaji grisi. Inazunguka vizuri kwenye mhimili mmoja, lakini ikilazimishwa kujipinda pande nyingine hukaidi kuliko mpira, na nguvu hiyo huhamia kwenye bolti, kwenye mkono au kwenye chesesi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayechagua bushi ni namna kiungo husika kinavyotembea. Ugumu, bei na rangi ni maswali ya baadaye.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A, ambapo namba kubwa ni ugumu zaidi. Mpira wa kiwandani kwa kawaida uko kati ya 50 na 70, poli za matumizi ya barabarani ziko kati ya 70 na 90, na zile za mashindano hufika 95. Rangi haisemi lolote nje ya kampuni iliyoitengeneza, kwa kuwa nyekundu ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa laini na nyekundu ya mwingine ngumu. Muuzaji akikuambia "hii nyekundu ndiyo kali", mwombe namba.

Dalili: kugonga mbele kwenye matuta na mashimo

Chanzo cha kawaida kabisa ni linki za stebilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale sana kwenye kona) na bushi zinazoishika fimbo ya stebilaiza kwenye chesesi. Kinachofuata ni bushi za mkono wa chini, ambao mafundi wengi huuita wishboni, kisha bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya mkono na gurudumu), kisha kiti cha juu cha shokapu. Mwisho kabisa, na si kwa nadra kama inavyodhaniwa, ni bolti ambayo mtu aliifungua na hakuirudisha kwa nguvu inayotakiwa.

Anza na ukaguzi usiohitaji kufungua chochote. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa na breki ya mkono imefungwa, shika fimbo ya stebilaiza na uitikise kwa nguvu. Ikicheza ndani ya bushi zake, au linki ikitoa mlio mkavu, umepata mwanzo wa jibu bila kutumia spana. Baada ya hapo inua gari kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi, si juu ya mawe wala rimu kuukuu. Shika gurudumu juu na chini na ulisukume: likicheza, shaka ni bolijointi au bearingi. Shika kushoto na kulia: likicheza, shaka ni tairodi, yaani fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.

Bushi yenyewe hukaguliwa kwa mtaimbo uliopenyezwa kati ya mkono na chesesi. Hapa ndipo bushi nzima nyingi hutupwa bure, kwa sababu mpira kusogea milimita chache ni kazi yake, na nyufa ndogo za juu juu ni uzee wa kawaida. Bushi iliyokwisha huonyesha uwazi unaofunguka na kufunga, mpira uliochanika kuzunguka bomba, au alama ya chuma iliyong'aa mahali ambapo mkono umekuwa ukigusa chesesi. Alama hiyo ya kung'aa huonekana wazi zaidi ukifuta vumbi jekundu kwa kitambaa chenye dizeli kidogo na kumulika kwa tochi kutoka pembeni.

Ikiwa tatizo ni bushi za fimbo ya stebilaiza, poli ni chaguo zuri bila masharti mengi. Fimbo hiyo huzunguka kwenye mhimili mmoja, bushi hubadilishwa bila presi, na faida huonekana mara moja kwenye kona. Jambo la kuzingatia ni kupima unene wa fimbo kwa kalipa ya kupimia kabla ya kununua, kwa sababu gari la mfano uleule linaweza kuwa na fimbo za unene tofauti, na bushi iliyozidi milimita moja tu itaendelea kugonga kama ile ya zamani.

Dalili: gari kuvuta upande mmoja unapofunga breki

Kwa dereva anayeshuka Kitonga au anayetoka Matamba kwenda Chimala kwenye kona zile hamsini na saba, dalili hii haivumiliki. Hata hivyo bushi si mshukiwa wa kwanza. Anza na upepo wa matairi, ukiupima matairi yakiwa yamepoa, kwa kuwa tofauti ya upande na upande inatosha kulivuta gari. Cha pili ni kalipa ya breki iliyokwama: baada ya safari fupi isiyo na mteremko, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa na ulinganishe joto. Upande uliokwama hujitangaza wenyewe.

Hayo yakiwa sawa, angalia bushi ya nyuma ya mkono wa chini. Bushi hii hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya gurudumu kusukumwa nyuma wakati wa breki, na ikichoka upande mmoja, gurudumu la upande huo hurudi nyuma zaidi ya mwenzake. Simama pembeni, mbali na njia ya gari, na umwombe mwenzako asogeze gari kwa mwendo wa mtu anayetembea mahali tambarare, kisha afunge breki. Gurudumu lenye bushi mbovu litaonekana likiruka nyuma ndani ya nafasi yake. Kwenye baadhi ya magari bushi hii ina kimiminika ndani. Ukiona doa jeusi lenye mafuta chini yake, bushi imepasuka hata kama mpira wa nje unaonekana mzima.

Uamuzi wa mpira au poli hapa una pande mbili. Bushi ya kiwandani mara nyingi imeachiwa matundu kwa makusudi ili gurudumu liweze kurudi nyuma kidogo linapogonga shimo, na poli isiyo na matundu huondoa ulaini huo. Kwa gari linaloshuka milima mikali kila wiki, kwa maoni yangu, poli ya ugumu wa karibu 80 inastahili gharama yake, kwa sababu usukani unabaki ulipoachwa wakati breki inafanya kazi ngumu. Kwa gari la mjini Iringa linalopeleka watoto shule, mpira mpya wa kiwandani ni bora na humpa mwenye gari amani.

Simama na usiendelee na safari ikiwa kanyagio la breki limekuwa laini, kuna harufu ya kuungua, au moshi unatoka gurudumuni. Hilo ni tatizo la breki na linahitaji fundi wa breki kabla ya mteremko unaofuata.

Dalili: matairi kulika upande wa ndani

Alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ndiyo chanzo cha kawaida, na bushi za mkono wa chini zilizochoka huifanya isikae hata ukiirekebisha mara ngapi. Badilisha bushi kwanza, kisha pima alaimenti. Ukifanya kinyume utalipa mara mbili.

Dalili: usukani kutetemeka kwa nguvu baada ya kupita shimo, kwenye gari lenye ekseli nzima mbele

Land Cruiser, Land Rover na Hilux za zamani zenye ekseli ya mbele isiyogawanyika zina ugonjwa wao: gari linapita shimo kwa mwendo wa wastani, na usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia mpaka dereva asimamishe gari kabisa. Vyanzo, kwa mpangilio, ni magurudumu yasiyo na balansi au yenye upepo usio sawa, bushi za fimbo ya Panhard (ile inayozuia ekseli isihame kwenda kando), ncha za tairodi, na bearingi za kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) zilizolegea. Kifaa cha kutuliza usukani kikiwa kibovu huongeza tatizo, lakini kukibadilisha peke yake ni kuficha ugonjwa.

Ukaguzi wa fimbo ya Panhard ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama kwa magurudumu yote, mwenzako azungushe usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe, ukiwa pembeni na si chini ya gari, ukitazama ncha zote mbili za fimbo. Bolti isicheze ndani ya bushi hata kidogo. Hapa poli inafaa, ya ugumu wa kati.

Sehemu inayohitaji tahadhari ni mikono mirefu inayoshika ekseli ya mbele kwa urefu wa gari. Land Rover 110 na Defender zinayo, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizopata springi za koili mbele kuanzia 1999 zinayo pia. HZJ75, Land Cruiser ya mfululizo huo ya kabla ya hapo, hutumia springi za bapa. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili na kwenye chesesi kwa ncha moja. Gurudumu la kushoto linapopanda jiwe na la kulia likishuka kwenye mtaro, kama inavyotokea kila mara kwenye barabara za mashamba ya Mufindi na Makete, ekseli hutaka kujinyonga kati ya mikono hiyo miwili. Kinachoiruhusu ni ulaini wa bushi peke yake. Ukiweka poli ngumu pande zote, ekseli hukosa pa kujinyongea: gurudumu moja hunyanyuka mapema, na nguvu huelekea kwenye mabano ya ekseli na kwenye ncha ya mkono. Kwenye Land Rover ncha hiyo ni mkia wenye uzi wa nati uliobanwa kati ya bushi mbili, na mkia huo ndio hukatika. Bakiza mpira hapo. Kama ni lazima utumie poli, tumia laini kabisa, na kagua mabano kila unapobadilisha oili ya injini.

Kwa springi za bapa hali ni kinyume kabisa. Jicho la springi (tundu la mwisho wake) na sheko yake (kiungo kinachoning'iniza springi kwenye chesesi) huzunguka kwenye pini moja, na poli inafanya kazi hapo vizuri kuliko mpira uliobanwa kwa nati. Nyuma ya Hilux na Land Cruiser inayobeba viazi kutoka Kitulo ni mahali ambapo ningeanza kutumia pesa za poli kabla ya mahali pengine popote, hasa nikipata pini zenye nipeli ya grisi.

Dalili: mlio wa kukwaruza baada ya kufunga poli

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi bushi haina kosa. Chanzo cha kwanza ni grisi iliyokauka au ambayo haikuwekwa kabisa. Cha pili ni grisi isiyofaa: grisi ya kawaida ya bearingi huoshwa na maji haraka, wakati poli inataka grisi nzito ya silikoni inayokuja ndani ya pakiti. Cha tatu ni vumbi. Cha nne, kisichokaguliwa na wengi, ni bomba la ndani kuwa fupi kuliko poli yenyewe.

Kujua ni bushi ipi inayolia, mwagia maji bushi moja moja huku mtu akilisukuma gari juu na chini kwenye kona yake. Mlio ukikatika kwa muda baada ya kumwagia bushi fulani, umeipata. Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete mlio huwa mkubwa zaidi, kwa sababu poli hukazika kwa baridi na grisi huwa nzito, kisha hupungua gari likishatembea. Mlio wa namna hiyo usikufanye ununue bushi nyingine.

Ukishaipata, legeza bolti, chomoa bomba na ulitazame. Bomba linalofanya kazi vizuri lina mng'ao sawa kuzunguka lote. Bomba kavu lina mkanda mmoja uliosuguliwa upande mmoja, na pembeni mwa mkanda huo kuna uji wa kahawia wa grisi na vumbi. Safisha kwa maji na sabuni, kausha, paka grisi ya silikoni ndani ya poli na kwenye mashavu yake mawili yanayogusa mabano, kisha rudisha. Usipake grisi nje ya bushi, kwa kuwa upande huo unapaswa kukaa bila kuzunguka.

Kabla ya kufunga, pima. Bomba la chuma linatakiwa lizidi upana wa poli kidogo sana, ili bolti inapokazwa ilibane bomba dhidi ya mabano na kuacha poli huru kuzunguka. Bomba likiwa fupi, bolti itaibana poli, na hapo hakuna grisi itakayosaidia. Wala usijaribu kunyamazisha mlio kwa kulegeza bolti. Bolti iliyolegea hula tundu la mabano mpaka likawa yai.

Dalili: gari kuwa gumu na kelele za barabara kuingia ndani

Chanzo cha kawaida ni kubadilisha kila kitu kwa pamoja, ikiwemo bushi za fremu ndogo ya mbele na viti vya juu vya shokapu, sehemu ambazo kazi yake ni kunyonya mtetemo. Rudisha mpira huko, acha poli kwenye stebilaiza na kwenye mikono inayozunguka mhimili mmoja, na kelele nyingi zitaondoka.

Chanzo cha pili ni namna ya kukaza bolti. Bushi ya mpira iliyogandishwa lazima ikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kwa sababu ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hukaa umejinyonga muda wote, gari hukaa juu isivyo kawaida, na mpira huchanika mapema. Poli huru haina sharti hilo. Tatizo hutokea kwenye mkono wenye poli upande mmoja na mpira upande mwingine, ambapo fundi hukaza vyote kama poli. Kwenye mkono wa namna hiyo fuata sharti la mpira. Lakini kabla ya haya yote pima upepo wa matairi, kwani tairi lililojazwa kupita kiasi hufanya gari lolote lionekane gumu.

Dalili: bushi kupasuka au kutoka kwenye jicho baada ya muda mfupi

Jicho hapa ni tundu la mkono ambamo bushi hukaa. Chanzo cha kwanza ni seti isiyolingana na mkono. Seti nyingine hutaka ganda la chuma la bushi ya zamani libaki ndani ya jicho, nyingine hutaka litolewe lote. Soma karatasi iliyomo kwenye pakiti kabla ya kukata chochote, maana ganda likishatolewa halirudi.

Chanzo cha pili ni jicho lililoliwa na kutu au kupoteza umbo lake la duara. Likwangue kwa brashi ya waya na ulipime pande mbili zinazokingamana. Vipimo vikitofautiana wazi, badilisha mkono.

Chanzo cha tatu ni bidhaa yenyewe. Mjini Mbeya na kwingineko wapo wakerezaji hodari wanaochonga bushi kutoka kwenye fimbo ya nailoni, na bushi hizo huuzwa kwa jina la poli. Nailoni ni ngumu kupita kiasi na hairudi ikikandamizwa. Ibane kwenye jiliwa: poli halisi hubonyea kidogo na kurudi umbo lake, nailoni hukaa kama mti. Kwa pini ya springi ya lori inayotembea polepole nailoni inaweza kuvumiliwa. Kwenye mkono wa usukani wa gari dogo isiwekwe.

Kuna pia suala la maji. Poli za jamii ya poliesta huvunjwa polepole na unyevu na joto, zile za jamii ya polietha huvumilia zaidi. Kwa gari la Tukuyu, ambako mvua haina haraka ya kwenda popote, mwulize muuzaji jamii ya poli kabla ya kulipa.

Mahali pa kusimama na kumwachia fundi

Usichome bushi kwa moto ili kuitoa. Desturi hii imeenea kwa sababu ni ya haraka, lakini moshi wa poliurethani unaoungua una gesi za sumu, sianidi ikiwa miongoni mwake, na joto linaweza kudhoofisha chuma cha mkono. Vivyo hivyo usiruhusu kuchomelea karibu na bushi iliyofungwa. Bushi hutolewa kwa presi, au kwa bolti ndefu yenye washa nene na kipande cha bomba, na ganda hukatwa kwa msumeno kutoka ndani kwa uangalifu bila kugusa jicho.

Springi ya koili isikandamizwe kwa kamba wala waya, na fimbo ya kunyonga ya mbele (ile inayojinyonga badala ya springi) isifunguliwe na asiyeifahamu, kwa sababu vyote viwili huhifadhi nguvu inayoweza kuua. Bolti iliyoshikana na bomba lake ipelekwe kwa mwenye vifaa, kwani kuilazimisha kwa spana ndefu hukata kichwa chake na kuacha kazi kubwa zaidi. Ukiona ufa kwenye chesesi, kwenye mabano ya ekseli au kwenye shingo ya mkono, gari lisiendeshwe hadi gereji, libebwe. Ufa wa mabano unaweza kurekebishwa na mchomeleaji mzoefu anayejua kuimarisha pande zote mbili, lakini mkono wenye ufa au uliopinda haunyooshwi wala hauchomelewi. Hubadilishwa, na alaimenti hupimwa siku hiyohiyo.